Peni ya Mfukoni na Gunia la Kwanza

Gunia la katani lina harufu yake, hasa likishapigwa jua kutwa kisha likalowa jasho la mtu. Ni harufu ya majani makavu, na mafuta ya taa kwa mbali. Baba alikuja nayo nyumbani Magomeni kila jioni, akavua shati mlangoni, na Mama akalitundika kwenye kamba uani kabla ya kulifua, ili lipumue kwanza, alivyosema mwenyewe. Siku hizi nafaka zinakuja kwenye salfeti za plastiki, na salfeti haina harufu ya maana. Nimeanza na gunia wakati ninachotaka kueleza ni habari ya peni, lakini vitu hivi viwili kwangu havijapata kuachana. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji atanivumilia nikizunguka kidogo.

Baba alikuwa hamali, mmoja wa wale wapakuzi wa malori ya nafaka nyuma ya soko la Kariakoo. Alitoka Lindi akiwa kijana, na kazi aliyoikuta mjini ndiyo hiyo. Wakati ninaousema mimi nilikuwa ndiyo kwanza naota meno ya mbele upya, na yeye kiuno kilikuwa kimeanza kumkataa. Asubuhi Mama alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto ndipo ainuke kitandani. Hamali asiye na kiuno hana kazi, hilo hata mtoto alilijua, na nyumbani kwetu lilikuwa halisemwi. Kwa hiyo tajiri mwenye ghala alipompa unyapara, Mama alichinja kuku. Nyapara habebi kutwa. Anasimama mlangoni mwa ghala na kipande cha boksi, kila gunia likipita anachora mstari, basi. Kuchora mistari Baba aliweza. Ila tajiri alimpa sharti, tena mbele yangu, maana nilikuwa nimempelekea Baba chakula. Alimwambia, "Saidi, nyapara aliyepita alikuwa anaazima peni kwa karani wangu kila saa, karani hafanyi kazi. Wewe uwe na yako mfukoni, na iandike. Nikikuona unaazima, unarudi kwenye magunia."

Mtu angedhani ni sharti jepesi. Lakini mahamali nao walikuwa na desturi yao, kwamba lori likifika, gunia la kwanza linabebwa na nyapara, ndipo wengine wanaingia. Asiyebeba la kwanza walimwacha asimame peke yake na boksi lake, na lori likakaa hapo hapo. Sasa gunia likipanda begani linashuka mpaka kifuani, na mfuko wa shati uko kifuani. Peni ya kwanza Baba aliinunua ndefu, ya kung'aa, kwenye duka moja la Mchafukoge lenye vioo, kwa sababu alitaka aonekane nyapara. Gunia la kwanza tu, ikapasuka. Alirudi na doa la buluu kubwa kama sahani, na shati lile likawa la kuvalia nyumbani, mdogo wangu akawa analala juu ya hilo doa. Nyingine aliichomeka sikioni, gunia likaifuta kama mtu anavyofuta inzi, tairi la lori likamalizia. Penseli tajiri hakuitaka, alisema inafutika. Mfuko wa suruali haukuwepo, walivaa kaptula zilizokwisha kuchanika mifuko yote. Kisha akapata ya plastiki, nyepesi, nayo ikawa haivunjiki ila kila akiinama inaanguka, na aliyeiokota kila mara ni Kosmas.

Huyu Kosmas alikuwa hamali kutoka Masasi, ana shingo nene kama kinu, na kwa kabila lake na letu yeye na Baba walikuwa watani, kwa hiyo aliruhusiwa kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Tena kila mtu alijua kwamba unyapara ukimtoka Baba, utakwenda kwake. Akiiokota ile peni aliipangusa vumbi taratibu, akamletea Baba kwa mikono miwili. "Nyapara, mtoto wako kaanguka tena. Mfunge mgongoni." Siku moja ilianguka ikapotelea kabisa chini ya magunia, na Baba akaazima kwa karani. Bahati tajiri alikuwa amekwenda kula.

Jumapili iliyofuata Baba alinichukua mpaka Mtaa wa Kongo, kwa muuza vifaa vya shule mmoja mwembamba, mwenye meza ya mbao. Watu walimwita Mpemba ingawa yeye alisema ametoka Tanga, na alikuwa ameshachoka kukataa.

"Unataka peni ya kuandikia nini?" akauliza.

"Ya kukaa mfukoni," Baba akasema.

"Bwana, peni zote zinakaa mfukoni."

"Mfukoni chini ya gunia."

Mpemba akamwangalia, akasogeza sanduku zima. Baba akawa anachukua moja moja. Anachomeka mfukoni, anainama kama yuko kwenye rukuu, anangoja. Zilizoanguka alizirudisha. Kwa kila iliyobaki alinibeba begani, akanilaza mpaka kifuani, akatembea nami huku na huku mbele ya meza. Mimi ndiye niliyekuwa gunia. Watu walianza kusimama, mwanamke mmoja mwenye kapu la nyanya akauliza kama tunanunua peni au tunacheza ngoma, na Mpemba akaniambia, "Binti, mlalie vizuri baba yako, gunia halichekicheki." Iliyoshinda ilikuwa fupi kama kidole cha Baba, nene, mwili wa bati, na kibanio kilichouma mfuko kweli kweli. Ilikuwa ndogo mno kushikika katika kiganja chake, lakini kifuniko ukikichomeka nyuma inarefuka, unaandika. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya ile ya Mchafukoge, maana ilikaa pale siku nyingi, wateja wakidhani ni ya kuchezea. Ila mimi nilichokiona kule juu begani ni kingine. Baba alikuwa anatetemeka. Mimi na wembamba wangu ule. Aliponishusha alinishusha polepole, akasema, "Mama yako asijue."

Lori la maharage lilikuja wiki hiyo hiyo, na nilikuwepo na bakuli langu la mihogo. Tajiri alikuwa kwenye kiti chake nje. Baba akaenda ubavuni mwa lori, wakamtwika, akatembea mpaka ndani ya ghala nami nyuma yake. Kosmas alikuwa anaangalia mfuko, na mimi pia. Peni haikutoka. Baba akatua gunia, lakini hakunyooka. Alibaki ameinama, mkono juu ya gunia, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Saidi," tajiri akaita kutoka nje, "la kwanza umeandika?"

Kosmas akaingia, akasimama kati ya Baba na mlango, na kwa mwili ule mlango wote ukaziba. Alichomoa peni mfukoni mwa Baba, akachomeka kifuniko nyuma, akampa, akaweka na boksi lake juu ya gunia. "Anaandika, tajiri," akasema kwa sauti. Kisha akainamisha kichwa. "Chora, mtani. Boksi liko hapo hapo juu ya gunia, huna haja ya kunyooka." Baba akachora mstari wake akiwa amejikunja vile vile. Kosmas akawageukia wenzake. "Mwoneni nyapara wenu, peni imemvunja mgongo. Kuanzia leo yeye abebe peni, gunia la kwanza nipeni mimi." Wakacheka sana, maana ulikuwa utani. Baba naye alicheka, wa mwisho, bado ameinama.

Ikawa hivyo. Pale ghalani gunia la kwanza likawa la Kosmas, na Baba alikaa na unyapara mpaka nilipoolewa. Kila Idi Kosmas alikuja Magomeni akiwa na msalaba wake shingoni, akadai paja la kuku, na alipewa. Ile peni iliyochaguliwa kwa ajili ya magunia ilibeba gunia moja tu.

Sasa ninauza viungo Ilala, na kila dera langu nimeshonesha mfuko kifuani, mafundi wananicheka. Namba za wateja nazitaka kwenye karatasi, simu ya kubonyeza inanishinda. Juzi nilikwenda Mtaa wa Kongo kununua peni. Kule nyuma ya soko manyapara siku hizi wanapiga picha mzigo kwa simu, na peni zinauzwa kwa fungu, ikianguka hakuna anayeinama kuiokota. Kijana muuzaji akaniamkia shikamoo, akaniuliza natafuta ya namna gani. Nikamwambia fupi, ya mfukoni. Akanipa moja, nikaichomeka, nikainama.

"Bibi, umeangusha nini?"

"Sijaangusha. Naijaribu."

Peni ilikaa. Nilipotaka kunyooka, kiuno kikakataa, nikabaki pale nikitazama kandambili za yule kijana. Akazunguka meza, akanishika mkono taratibu mpaka nikasimama. Nikamlipa.