Mdogo Wangu Alivyonivalia Mashine ya Moyo

Mtu aliyeishia darasa la tatu anaambiwa na manesi aandike habari zake, eti wapo wakaidi wenzake watakaosoma. Haya. Mwandiko ndio huu, asiyeuweza aache.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka huu nikaanza kuona kizunguzungu, nikasema ni joto. Siku moja nikazimia juu ya gauni la bibi harusi. Binti yangu akachomoa mkanda wa cherehani, akautia mkobani.

"Mama, hushoni mpaka daktari aseme."

Daktari akanipa kimashine cha kuvaa kifuani kutwa kucha, kiandike mapigo ya moyo, na karatasi ya kuandika kila ninachofanya. Nikajua wakiniona mgonjwa, mkanda wangu ndio basi tena. Nikamvisha mdogo wangu, mzima kama chuma.

"Dada, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Vaa, unyamaze."

Kwenye karatasi nikaandika: nimekaa, nimekula, nimekaa.

Daktari aliposoma majibu akanitazama juu ya miwani. "Bibi, saa kumi jioni unasema ulikaa. Mbona moyo ulipanda mia na hamsini?"

Kumbe mwenzangu alikuwa anamfukuza jogoo wa jirani, na hakuniambia.

"Nilikaa kwa nguvu," nikasema.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akahesabu dakika nzima. Thelathini na nne.

"Mwenye moyo ule mwambie hana neno. Sasa tuje kwako. Moyo wa polepole si ugonjwa kila mara, wapo wakimbiaji wana arobaini na ni wazima. Lakini wewe unazimia. Damu haifiki kichwani."

Akakagua vidonge vyangu vya presha, isije ikawa ndivyo vinavyouchelewesha. Havikuwa vyenyewe. Nikavaa kimashine tena, binti amenikalia kama askari. Kikaonyesha moyo wangu unasimama sekunde nne nzima, ndipo unakumbuka kazi.

Wakanitia kifaa kidogo cha betri chini ya ngozi, karibu na bega. Moyo ukizembea, kinausukuma. Kizunguzungu kikaisha. Daktari aliporuhusu, binti akaufunga mkanda wa cherehani kwa mkono wake, midomo ameibinua.

Sasa na wewe. Kama kwenu kuna anayeanguka akasingizia joto, mpeleke leo hii. Kisha uniandikie walimkuta na mapigo mangapi. Nataka kujua kama yuko aliyenishinda.