Orodha ya Majina Mlangoni pa Yerusalemu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fimbo. Ilikuwa ya mti mwepesi, ndefu kunizidi, na ncha yake ilivikwa mpira ili isikwaruze plasta. Ulikuwa mwaka 2002. Nilikuwa mwalimu wa historia kutoka Lubumbashi, na kwa miaka minne Brussels ilikuwa imenipa mifagio tu. Jumba lenyewe lilikuwa makumbusho madogo ya watawa, upande wa Koekelberg; jina lake sitalitaja. Katika chumba kikubwa, juu ya meza ambayo ungeweza kulaza ng'ombe wanne, palikaa Yerusalemu nzima ya plasta, na kuta zake, malango yake na mabonde yake. Mfano wa namna hiyo sisi tuliuita maquette.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Père Conservateur, yaani padri mtunza makumbusho, mzee wa Kibelgiji aliyekuwa amezeeka Katanga kabla ya kurudi kwao kuzeeka tena. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mitaani kwetu.

"Papa Deo," aliniambia, "huu muji ulianguka mara mingi sana. Bon, wewe usianguke juu yake, plâtre ni ya zamani."

Sasa nyinyi vijana mnaotaka kazi ya kuongoza wageni, nawaeleza tulivyoifanya. Chini ya meza palikuwa na swichi sita, na kila swichi iliwasha taa za mzingiro mmoja, yaani jeshi kuufunga mji pande zote mpaka usalimu amri. Kila mzingiro ulipewa dakika nne. Wababeli walikuwa na taa nyekundu, na mwisho wake hekalu linaungua. Warumi walizungusha taa za manjano, kwa sababu walijenga ukuta wao wenyewe nje ya ukuta wa mji, asitoke mtu wala lisiingie gunia la ngano, na njaa ikafanya kazi iliyobaki. Waajemi nao walikuwa na swichi yao. Waarabu walikuja na taa za kijani, na hao mji uliwafungulia kwa mapatano. Hapo darasa lilianza kupiga miayo, maana watoto hawapendi vita visivyo na vita.

Swichi ya tano ilikuwa ya wapiganaji wa msalaba. Hiyo ndiyo kila shule iliyoisubiri, kwa sababu mkuu mmoja wa jeshi lile alitoka nchi hizi za huku, na hadi leo amepanda farasi wake wa shaba kwenye uwanja wa kifalme mjini. Hata mimi nilikuwa mtu wake. Nilipokuwa mdogo mapadri walitufundisha habari zake, na tulipofika pale mji unapochukuliwa, darasa zima la watoto weusi wa Lubumbashi lilipiga makofi. Nilikuja Ulaya na makofi yale mfukoni.

Père Conservateur alikuwa na kanuni moja: "Mugeni asikie na mwili, si na masikio tu." Nikaitafutia mbinu. Kwenye swichi ya tano nililigawa darasa mara mbili. Wa nje walisukuma minara ya mbao yenye magurudumu, kama ile iliyosogezwa ukutani siku zile. Wa ndani walisimama nyuma ya kamba. Mnara ukigusa ukuta ninasema, "Mji umeanguka," na wa ndani wote wanaketi sakafuni. Halafu ninaongeza, "Watu wengi walikufa," na kuwasha swichi ya sita, Waislamu wanaurudisha mji. Nilikuwa nimesoma vizuri jinsi Waislamu na Wayahudi wa mji ule walivyochinjwa, mama na mtoto. Niliyafupisha yote kwa maneno matatu, kwa sababu ya dakika.

Kugawa kulikuwa kunakula muda, kwa hiyo nikabuni njia ya mkato. Shule zilituma orodha ya majina, ukoo kwanza, kisha herufi ya jina. Asubuhi, kwenye chumba cha makoti, nilipitisha penseli: N kwa nje, D kwa ndani. Wenye majina ya Kibelgiji, Kiitaliano na Kikongo cha kanisani niliwapa N. Wenye majina ya Kiislamu niliwapa D. Hakuna aliyenituma. Niliona inaleta ukweli, na nilijiona fundi.

Mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa hapa wa wazazi Wamoroko, alinisubiri mlangoni siku moja. Akaniuliza kwa upole, "Monsieur, unachaguaje wanaokaa chini?"

Nikamjibu, "Ni bahati tu, Madame."

Aliniangalia kidogo, akawafunga watoto wake makoti. Shule ile haikurudi tena, nami nikasema watu wengine wana maneno mengi.

Père Conservateur alipopelekwa nyumba ya wazee, alikuja Madame la Directrice, mkurugenzi mpya, mama mchapakazi, mwenye haki katika mambo mengi. Aliipenda mbinu yangu bila kujua habari ya penseli. Mwaka 2009 aliwaalika wakuu wa makumbusho mengine waje kuitazama. Nilivaa tai. Orodha ya siku hiyo ilitoka shule moja ya Forest, mtaa wa hapa Brussels, na niliipitisha penseli haraka kama kawaida. Salumu Z., D.

Binti yangu anakaa Forest. Mume wake ni mtu wa Kasongo, Mwislamu, jina lake Salumu, na mtoto wao mkubwa ni Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi. Mimi nyumbani namjua kwa jina la Zuhura, na penseli yangu ilisoma Salumu. Yeye alikuwa ameficha habari ya safari ile wiki nzima ili anishtue.

Nilipoita "Salumu, ndani," akatoka mstarini anacheka hadi masikioni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa na kofia ya sufu ya manjano aliyofumiwa na bibi yake.

Ningeweza kumhamisha. Wageni walikuwa wamesimama nyuma yangu na madaftari, na nikaogopa kuonekana mtu asiyejua kazi yake. Wakasukuma mnara, ukagusa. "Mji umeanguka." Watoto sita wakaketi sakafuni. Zuhura akatazama kushoto kwake, Yassine na Hafsa; akatazama kulia, Ilyas, Mehmet, Samira. Kicheko kikamwisha. Darasani wanajuana majina, hawahitaji orodha.

"Kambo," akasema. Ndivyo sisi wa Katanga tunavyomwita babu. "Kambo, juu ya nini ni sisi tu?"

Madame la Directrice akaniuliza kwa Kifaransa, anatabasamu, "Ni mjukuu wako, Papa Deo?"

"Hapana, Madame," nikasema. "Chez nous, watoto wote wanaita mzee kambo."

Na ni kweli, kwetu mtoto yeyote atakuita hivyo. Niliichukua heshima ya kwetu nikaifanya pazia la kujifichia, mtoto yuko sakafuni miguuni pangu, anasikia. Kifaransa alikijua kuliko mimi. Nikawasha swichi ya sita.

Tangu siku ile niligawa darasa kwa miezi ya kuzaliwa. Directrice aliponiuliza sababu, nilisema macho yamechoka kusoma orodha. Niliongeza dakika mbili kwenye swichi ya tano nikaeleza mauaji yale yalivyokuwa, bila kufupisha, na nikawa siwezi kupita mbele ya yule wa farasi wa shaba bila kuvuka barabara. Lakini kwa Zuhura sikusema neno. Alikuja kwetu Jumapili, alinisalimu, alikula. Aliacha kuniuliza mambo ya historia.

Nilistaafu mwaka 2016. Walinifanyia tafrija pale pale kando ya maquette, na fimbo yangu ikafungwa utepe. Binti yangu alikuja na Zuhura, sasa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, anayepima maneno. Nilikuwa napokea zawadi nikasikia Madame la Directrice akimuuliza nyuma yangu, "Na wewe, Mademoiselle, ni wa familia?"

"Hapana, Madame," Zuhura akasema, taratibu kabisa. "Chez nous, watoto wote wanaita mzee kambo."

Nikaiweka glasi yangu juu ya Mlima wa Mizeituni, jambo ambalo kwa miaka kumi na minne nilimkataza kila mgeni. Nikageuka nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Ni mujukuu yangu. Mutoto wa binti yangu. Ni mimi nilimukalisha chini."

Wenzangu, wasiojua Kiswahili, walidhani ni hotuba ya kuaga, wakapiga makofi. Zuhura hakupiga. Alinitazama, kisha akaiondoa glasi ile juu ya plasta na kupafuta pale ilipokuwa kwa mkono wa sweta.