Tochi Chini ya Mtutu

Bunduki ya baba mkwe wangu niliikuta ndani ya nyumba ile, na kwa heshima nadhani ilinizidi. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya kukunja katikati, na kibali chake alikiweka ndani ya kitabu cha sala. Mama mkwe alisema huko ndiko polisi na Mungu wote wangekikubali. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori waliokuja kufukua mahindi. Halafu likaja soko huria, na nguruwe tukawasahau.

Zamani kahawa ya kijiji chetu cha Matiri ilikuwa na njia moja. Unaibeba hadi ghala la ushirika, karani anakujua wewe na anaijua miti yako. Mwizi angeiba ampelekee nani? Lakini walipokuja wanunuzi binafsi na pikapu zao, walinunua kwa yeyote aliyesimama barabarani na kiroba, bila kuuliza kiroba kimetoka shamba gani. Msimu haukuisha, watu wakaanza kuamka na kukuta vichanja vya kuanikia vitupu. Jirani yetu wa upande wa mto walimchukulia kahawa pamoja na mkeka wake.

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Tunduru na wenzake kuchimba mawe ya vito, maana mwaka ule kila kijana aliyekuwa na mikono miwili aliota jiwe la buluu. Aliniambia miezi mitatu. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mmoja na nusu tu, na bado nilikuwa nikiamka asubuhi nikishangaa kwamba ni wangu. Alipoondoka nilianza kulala upande wake wa kitanda, ili nisione kuwa uko wazi.

Alikuwa na tabia moja ambayo lazima niiseme. Hakupenda kupokelewa. Basi la Songea lingemshusha Kigonsera mchana, akapanda kwa miguu, akafika giza linaingia. Na hakupita njiani kama watu. Alikatiza chini, katikati ya mikahawa, kimya, hadi jikoni, akamgusa mama yake begani kwa nyuma. Mama yake alipiga yowe kila mara, na kila mara akacheka hadi machozi. Barua yake ya mwisho ilisema: nitakuja kahawa ikiwa juani, msiniulize siku.

Ndiyo maana ile habari ya tochi ilinikosesha raha tangu ilipoanza.

Baba mkwe alikuwa ameamua kulinda vichanja mwenyewe. Jioni angekaa barazani na bunduki magotini. Tatizo lilikuwa macho. Mchana alimtambua mtu kwa mwendo, lakini jua likishuka, kwake mtu na mgomba vilikuwa ndugu. Akatangaza kwamba bunduki ifungwe tochi.

Nasema akatangaza, kwa sababu hakuniambia mimi. Mkwe na baba mkwe hawasemezani hovyo, na katika nyumba ile mwiko huo ulishikwa barabara. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti mbali, akaitikia akitazama mikahawa, basi. Kitu hakikutoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake. Nilikiweka kwenye kigoda, nikaondoka, akaja kukichukua. Mazungumzo yote yalipita kwa mama mkwe, hata tukiwa uani sote watatu.

"Mwambie mkweo," alisema baba, mimi nikiwa napeta mahindi hatua sita kutoka kwake, "Jumamosi aende Mbinga akachague tochi. Yeye ana macho na amesoma."

"Umesikia?" aliniuliza mama.

"Mwambie baba nimesikia," nilisema.

"Anasema amesikia," mama akamwambia, na akanikonyeza.

Maduka ya Mbinga siku zile yalikuwa yamejaa vitu ghafla, baada ya ile miaka ambayo sabuni ilikuwa habari. Tochi zilining'inia mlangoni kwa wingi: za plastiki, za bati, za betri mbili, za betri tatu, na moja ndefu iliyokuwa na kichwa cha kuzungusha. Ukikaza, mwanga ulikusanyika ukawa duara dogo kali, ukilegeza, ulitapakaa. Mwenye duka aliniruhusu kuzijaribu ndani ya stoo yake ya magunia, ambako mchana ulikuwa hauingii.

Baba alitaka mwanga uende mbali, ufike kwenye mkaratusi ulio mwisho wa shamba. Ile ya kichwa cha kuzungusha ingefika. Nikaielekeza kwenye magunia nikaona nukta nyeupe, herufi mbili za maandishi, na pembeni yake giza tupu. Nikamwomba mwenye duka asimame kule mwisho. Nikaona kifungo cha shati lake. Nikachukua ile ya bati, fupi, ya betri mbili na kioo kipana. Mwanga wake ulikuwa mnyonge, lakini niliona shati lote, mikono, na uso, na kwamba alikuwa ananicheka.

"Unatafuta tochi au unatafuta mchumba?" alisema.

"Natafuta sura," nilimjibu. Nikachukua ile ya bati.

Baba mkwe aliijaribu jioni ile, akaguna. Mama akaniletea maneno: "Anasema hii haifiki hata kwenye migomba. Anasema ni ya kwendea chooni."

"Mwambie baba anayekuja kwetu atafika kwenye migomba."

Mama alinitazama kidogo, kisha akaenda kusema kitu kirefu zaidi ya nilichomtuma. Tochi haikurudishwa.

Kuifunga kulituchukua siku mbili, na nikikumbuka nacheka peke yangu. Kazi ile yataka watu wawili, mmoja ashike na mwingine akaze, na sisi wawili hatukuruhusiwa kusimama pamoja. Mikono ya baba ilikuwa inatetemeka, na mama hakutaka kugusa bunduki hata kwa kijiti. Basi baba aliikunja, akatoa risasi, akazipanga juu ya kigoda nizione zote, akailaza bunduki kwenye mkeka, akakohoa, akaenda nyuma ya nyumba. Nami nikaja. Nilikata tyubu ya baiskeli vipande virefu, nikaiweka tochi juu ya mtutu, nikazungusha mpira nikiuvuta kwa meno. Nikakohoa, nikaondoka. Akaja, akaibeba begani, akajaribu kulenga.

"Anasema inamziba," alisema mama. "Na swichi haifiki."

Nikahamishia chini ya mtutu, upande wa kushoto, swichi ikimwelekea kidole gumba. Kati ya bati na chuma nikaweka nusu ya mwanzi, ili tochi isizunguke. Akakohoa, nikakohoa. Siku ya pili alifyatua risasi moja kwenye kichuguu, na balbu ikakatika palepale kwa mshtuko. Nikafungua kichwa cha tochi, nikatia balbu nyingine, na nyuma yake nikakunja kipande cha kanga yangu kiwe kama mto. Akafyatua tena. Ikawaka. Nilimsikia akisema mwenyewe, bila kumtuma mtu, "Vema." Nilijivuna kutwa nzima.

Kujivuna kwangu kulikwisha jioni. Nilikuwa napanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, giza ndiyo kwanza linashika, mwanga ukanipiga usoni. Sikuona nyumba, sikuona baba. Nilijua tu kwamba juu kidogo ya mwanga ule kuna tundu la mtutu, na kwamba vyote viwili vinanitazama kwa pamoja, kwa sababu nilivifunga mimi mwenyewe na nilivifunga vizuri. Baba hakuwa na njia nyingine ya kuniona. Ili ajue mimi ni nani, ilimbidi kwanza anilenge.

Kwetu ziwani, karibu na Liuli, nilikua nikiona taa ikitumika kwa kazi nyingine. Mama yangu alishuka na chemli hadi mchangani baba alipochelewa na mtumbwi, akaiinua, akaishusha, akaiinua. Hakuwa akitafuta kumwona. Alitaka baba aione taa. Jioni ile, ndoo ikinimwagikia shingoni, niliwatamani wote wawili kwa uchungu, mama na chemli yake, na harufu ya dagaa wa usipa kwenye chanja, na zaidi yao nilimtamani mume wangu. Nikamwona anakatiza mikahawa kimya, anatabasamu, anakuja kumshtua mama yake.

Nilimwambia mama mkwe usiku huohuo. Akampelekea baba. Jibu lilirudi: "Nitauliza kwanza, 'Nani?' Mwenye heri atajibu."

"Na yule hajibu, mama. Unamjua."

Mama aligeukia moto. Alimjua.

Nilipendekeza basi tochi ifunguliwe, niishike mimi, nisimame kando, baba abaki na bunduki. Mama alikataa hata kulifikisha hilo. Mkwe asimame bega kwa bega na baba mkwe gizani? Watu wangesema nini? Kwa hiyo heshima ikabaki mahali pake, na tochi ikabaki chini ya mtutu.

Kahawa ilianza kukauka. Kila jioni nilikaa mlangoni mwa jikoni nikimsikiliza mbwa tuliyemleta kwa ajili ya wezi. Nilimwomba Mungu mbwa asibweke, kisha nikatubu, kwa sababu mbwa asipobweka maana yake mume wangu hajaja. Nilitaka aje na niliogopa aje, na sijui ni lipi lilinichosha zaidi.

Akabweka siku ya Alhamisi. Mikahawa ya chini ilitikisika, si njiani, bali katikati, palepale anapopita yeye. Baba alisimama, akainua bunduki, mwanga ukashuka.

"Nani?"

Kimya. Mtu alikuwa amesimama kati ya miti, mkono umefunika macho. Urefu ulikuwa wake. Bega lililoinama upande lilikuwa lake.

"Nani?" aliuliza baba mara ya pili, na nikasikia kidole kikitafuta mahali pake.

"Baba, usipige."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake mbali na shikamoo. Nilipita mbele yake, karibu hivi kwamba nguo zetu ziligusana, nikashuka kwenye ule mwanga. Kivuli changu kilinitangulia, kikamfunika yule mtu. Sikumfikiria tena baba wala bunduki. Nilinyoosha mkono, nikaushusha mkono wake usoni.

Hakuwa yeye.

Alikuwa mwenzake waliyeondoka naye, kijana wa kijiji cha pili. Sauti ilikuwa imemkauka kwa ule mwanga. Alikatiza mikahawani kwa sababu mume wangu alimwelekeza kwamba hiyo ndiyo njia ya mkato. Tulimkalisha jikoni, tukampa uji, akasema alichotumwa. Shimo lao halikutoa kitu. Yeye alikata tamaa, mume wangu hakukata. Alikuwa amejiunga na watu asiowajua vizuri, wakavuka mto Ruvuma kuingia nchi jirani ya kusini, kwenye mawe mengine.

"Amesema niwasalimie mama na baba," alisema.

"Na mimi?" niliuliza.

Akaangalia kikombe. "Alisema wewe utaelewa."

Sikuelewa. Sijaelewa mpaka leo, na nimekuwa na muda wa kutosha.

Asubuhi baba mkwe aliketi barazani na kisu, akakata tyubu kipande kimoja kimoja, mwanzi ukaanguka, tochi ikabaki mkononi mwake. Nilisubiri aiweke kwenye kigoda. Hakuiweka. Aliinyoosha kwangu. Mama aligeuka, akaanza kukoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu ndani. Nikapiga magoti, nikaipokea kwa mikono miwili.

"Mimi naona mtu tu," alisema, akinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe unamjua. Umulike wewe."

Tangu hapo ndivyo tulivyolinda. Mbwa akibweka, natoka na tochi nasimama kushoto kwake, namulika. Bunduki inakaa magotini, mdomo ukitazama chini. Wezi walikuja kweli, mara moja, wawili, wakaona mwanga wakakimbia na kutuachia kiroba chao kipya. Siku nyingine zote walikuwa majirani, watu wa jumuiya ya sala, ndama aliyekata kamba. Macho ya baba yalizidi kufifia, na kila mara aliniuliza swali lilelile, polepole, bila kulipitisha kwa mtu.

"Ni yeye?"

"Siye, baba."

Watu wa kijijini walisema tulichosema kwamba watasema. Tukawaacha. Ndugu zangu walikuja kutoka ziwani mara mbili kunichukua, nikawaambia msimu ujao. Mama mkwe alitangulia, akifuatiwa na baba miaka michache baadaye, na bunduki ikarudishwa polisi pamoja na kibali chake. Tochi ililiwa na kutu ya betri. Nyumba sasa ina taa ya umeme barazani, na mimi namulika kwa simu.

Juzi mbwa walibweka jioni, mikahawa ya chini ikatikisika. Nikatoka, nikamulika. Alikuwa mwalimu wa shule, anatafuta mbuzi wake.

"Siye, baba," nilisema.

Mwalimu akaniuliza ninaongea na nani.