Ampuli Nne kwenye Lupango wa Nyuma

Nakumbuka jioni moja ya mvua za kwanza, pale Kabambare, nilipokaa nyuma ya nyumba yangu, tumbo limejaa kumbikumbi wa kukaanga, nikitazama lupango wangu, ule uzio wa uani, unavyong'aa, nikajiambia: Amisi, sasa umekuwa mtu. Mwanangu, nimesema mengi ya kijinga katika maisha yangu, lakini hilo liliyapita yote.

Nimelikumbuka kwa sababu ya picha zako. Jana umenitumia kwa simu picha za taa za jua, ukaniuliza nyumba yako ya huko Kasongo ikikwisha ufunge zipi kwenye lupango wa nyuma. Nimezitazama zote, nimevaa miwani. Iko ile projekteri kubwa nyeupe. Iko ile inayowaka yenyewe mtu akipita. Na viko vile vidogo vya njano, ambavyo umeandika chini yake, "hizi naona dhaifu." Wewe umeipenda ile kubwa. Usinikatalie, umeipiga picha mara mbili.

Sitakujibu kwa neno moja. Shule niliiacha darasa la tatu, na barua hii naiandika polepole kama mtu anayepanda kilima na gunia. Lakini habari ya taa ya lupango hakuna injinia atakayenifundisha. Niliilipia kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Nilikuwa nimerudi kutoka Salamabila, ambako nilichimba dhahabu misimu minne. Nililala kwenye matope, na siku moja udongo ulinifunika mpaka kifuani, wenzangu wakaning'oa kama muhogo. Hakuna mjomba aliyenipa jembe, hakuna kaka aliyenishika mkono. Nilichorudi nacho kilikuwa changu, na nilitaka kila mtu akione. Kipya kinyemi, wazee walisema, kingawa kidonda.

Basi nilirudi na nini? Na grupu. Mashine ya umeme, ndogo, nyekundu, ya mafuta. Tuliisukuma kwa baiskeli siku tatu, mimi na rafiki yangu Ramazani, na penye mito tuliibeba mabegani kama maiti. Ramazani akaniuliza njiani, "Amisi, hii ikifika itakuzalia watoto?" Nikamwambia asukume tu.

Nyumba nilikuwa nimeshaijenga, nimeizungushia lupango wa miti na mianzi. Nikatundika ampuli nne, balbu nyeupe za umeme, kwenye lupango wa nyuma, juu kabisa, kwenye ncha za nguzo, na zote nikazielekeza nje. Ndani nilikuwa najijua mwenyewe. Nilitaka wa nje wanijue.

Mama yako, ambaye tulikuwa tumeoana mwaka ule ule, alisimama na mwiko mkononi akaziangalia.

"Bwana, hii taa inamulikia nani? Mimi napika sombe hapa chini, hata chungu sikioni."

"Inamulikia wezi."

"Wezi gani? Hata mbuzi hatuna!"

Nilicheka. Kijana aliyetoka machimboni hana masikio, ana mfuko tu.

Sasa nikueleze nani alikuwa nyuma ya lupango ule. Alikuwa Bibi Mwayuma, mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Wewe hukumkuta. Huyu bibi alikuwa na vitu viwili duniani: mjukuu wake Salima, aliyemlea mwenyewe, na kichuguu kimoja kikubwa, hatua ishirini kutoka kwenye mianzi yangu. Kichuguu kile kilikuwa chake kama vile shamba linavyokuwa la mtu. Mama yake alivuna kumbikumbi pale, na bibi yake kabla ya hapo. Kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha na jioni ikatulia, alichimba shimo chini ya kichuguu, akalitandika majani ya migomba, akawasha mwenge wa matete makavu. Kumbikumbi wakitoka waliufuata ule moto, wakaungua mabawa, wakaanguka shimoni. Kichuguu hutoa mara moja kwa wingi. Kikikuhurumia, hutoa mara ya pili kidogo. Baada ya hapo ungoje mwaka.

Na mwaka ule hakuwa anavuna kwa kula. Salima alikuwa ameposwa Lusangi. Kwa watu wa kule, msichana alikwenda kwa wakwe na kikapu cha kumbikumbi waliokaushwa juani, kutoka kichuguu cha kwao. Shangazi wa mume hufunua kikapu mbele ya watu na kuuliza, "Hawa ni wa kichuguu gani?" Msichana hujibu kwa jina. Hapo kila mtu hujua kwamba huyu hakuokotwa njiani, ana mahali, ana watu. Asiye na kikapu huchekwa, na kicheko cha wakwe hakizeeki, hata mwenyewe akizeeka.

Haya yote nilikuwa nayajua, mwanangu. Nisiseme sikujua. Sikuyafikiria, basi. Kujua na kufikiria si ndugu.

Jioni ile mvua ilikatika, hewa ikatulia, giza likaanza kuingia. Nikaivuta kamba ya grupu, ikanguruma, ampuli zikawaka. Haikupita muda, kumbikumbi wakaja. Waliruka juu ya lupango kama moshi. Wakajigonga kwenye taa, wakaanguka uani kwangu. Ramazani alikuwapo, na majirani wengine wa upande wa mbele, tukachukua mabeseni, ndoo, hata sufuria ya mama yako. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ramazani alipiga kelele, "Amisi, umeme wako unachimba kuliko wewe!" Tukakaanga na chumvi, tukala.

Halafu nikafanya tendo la ukarimu. Sikiliza ukarimu wangu. Nikajaza sahani, nikaifunika kwa jani, nikampelekea Bibi Mwayuma.

Asubuhi alikuja. Sahani mkononi, jani juu yake vile vile.

"Amisi, nimekurudishia sahani yako."

"Bibi, hukula? Chumvi haikutosha?"

"Chumvi iko. Lakini mutu hapewi zawadi ya kitu yake."

Yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akanyoosha miguu.

"Jana nilikaa kwa kichuguu yangu na mwenge yangu. Walitoka, wengi, sijaona vile tangu mama yangu. Wakapita juu ya kichwa yangu wote, sawa vile watu wanaenda soko. Moto yangu iko kidogo, yako iko jua. Nani atafuata bibi muzee wakati kijana iko na jua?"

"Mbona hukuniita, Bibi?"

"Nilikuita. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Ile mashine yako ilikuwa inalia, na ninyi mulikuwa munacheka."

Mwanangu, machimboni udongo uliponifunika sikulia. Pale karibu nilie. Lakini nilikuwa na kiburi, na mwenye kiburi akibanwa hukimbilia mfukoni. Nikamwambia nitamnunulia kikapu kizima sokoni, hata viwili.

"Za soko ni za kichuguu ya nani? Wakimuuliza Salima atajibu nini? Atasema ni za kichuguu ya Amisi na pesa yake?"

"Basi nifanye nini?"

"Zima. Halafu ukae. Kukaa ndiyo kazi wewe hujui."

Akainuka, akaenda. Mama yako alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alichukua ile sahani, akawamwagia kuku, na kuku wakala mbele ya macho yangu.

Siku ile ile nikapanda nikashusha ampuli zote nne. Na nikaanza kukaa. Siku nane, kila jioni, mimi na Bibi Mwayuma mbele ya kichuguu, kwenye magogo mawili, bila mwanga wowote. Nilikuwa sijui kwamba nyuma ya lupango wangu mtu anaweza kuona vile. Macho yakishazoea, giza si giza. Nilimwona kila aliyepita kwenye njia ya chemchemi, nikamjua kwa mwendo wake kabla hajasalimu. Wale niliowaita wezi walikuwa mama wa watu na madumu ya maji. Walikuwa wamelalamika kwamba taa zangu zinawapiga machoni, wanajikwaa kwenye mizizi, mmoja alivunja dumu lake. Na kulikuwa na kona ya kuogea ya Bibi Mwayuma, uzio wa majani tu. Taa zangu zilikuwa zikiingia mle kama mtu asiyebisha hodi. Hayo nayo hakuniambia. Niliyaona mwenyewe nilipokaa upande wake.

Wakati mwingine alilaza sikio kwenye kichuguu kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. "Bado," alisema. Siku nyingine akaniambia, "Leo wananiuliza kama Amisi amelala." Alikuwa ananitania, na mimi nilianza kuzingoja jioni zile. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Sikuwa nimewahi kukaa na mtu mzima bila kutumwa kitu.

Siku ya tisa mvua ilinyesha mchana, ikakatika. Jua lilipoanza kuzama vitundu vikafunguka kwenye udongo, askari wa mchwa wakasimama mlangoni. Bibi akawasha matete, akanipa mwenge. Mimi nikauinua juu, kwa mazoea.

"Chini! Chini tena! Unataka kuwaonyesha mbingu? Moto ya kuita mugeni haiwekwe juu ya paa. Inawekwa kwa mulango."

Nikaushusha mpaka ukingoni mwa shimo. Nao wakaja, kidogo kidogo, wakashuka. Walikuwa wachache. Walipokwisha, na wakakauka juani, kikapu kilifika nusu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya Salima kwenda Lusangi nilikibeba kile kikapu kwa baiskeli yangu mwenyewe. Wanawake waliimba mbele, mimi nyuma. Tulipofika, shangazi wa mume, mama mmoja mpana mwenye meno ya kuzoea kucheka watu, akafunua.

"Nusu? Kwao walichoka kumutafutia?"

Watu wakaanza kucheka. Salima akainamisha uso. Akaulizwa ni kichuguu gani, akajibu kwa sauti ya kukatika, "Cha Bibi Mwayuma." Kicheko kikazidi.

Hapo nikasimama. Hakuna aliyenituma. Nikasema, mbele ya wazee wa Lusangi, mimi mwenye grupu: "Wazee wangu, nusu ingine iko. Iko ndani ya tumbo yangu. Kichuguu kilitoa kikapu kizima na zaidi. Mimi niliwavuta kwa ampuli zangu nikawakula. Mukicheka, municheke mimi."

Halafu yule shangazi akaja, akanipiga tumbo kwa kiganja, pa pa, kama anayepima tikiti. "Basi huyu tumukaushe juani, tumutie ndani ya kikapu!" Wakacheka wote tena, lakini kicheko kilikuwa kimehama. Salima aliinua uso. Niliuona, na mpaka leo nikifumba macho nauona. Kutoka siku ile Lusangi na Kabambare nzima waliniita Amisi Ampuli.

Ndiyo, mwanangu. Hilo jina ulilokua nalo, la kuitwa mtoto wa Ampuli. Wewe umewaambia watu, hata wakwe zako, kwamba baba yako aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuleta umeme mtaani. Mimi nilikuacha useme. Lilikuwa tamu masikioni. Leo nalirudisha mahali pake.

Na ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiuliza kwa nini mvua za kwanza zikianza baba anazima zile taa ndogo alizozifunga baadaye nyuma, tunakaa kizani wiki nzima. Sasa umejua. Bibi Mwayuma tulimzika sisi, na Salima alikuja na kikapu kilichojaa. Kichuguu bado kipo. Lupango wangu unapinda pale kama mto unaozunguka jiwe, mafundi wananicheka. Nawaacha wacheke, nimezoea.

Sasa sikia neno langu la taa. Ile projekteri kubwa irudishe. Chukua zile ndogo za njano. Wadudu hawazipendi sana, na macho ya binadamu hazichomi. Usizifunge juu ya lupango, zifunge usawa wa kifua, uso wake ukitazama chini na ndani kwako, zimulike ngazi, jiko, mahali mkeo anapoweka mguu, mahali nyoka hupenda kulala. Ile ya kuwaka yenyewe mtu akipita weka moja mlangoni ukipenda, ikikutazama wewe, si ikitazama njia. Na kila taa iwe na mahali pa kuizimia, panapofikiwa na mkono wako. Taa usiyoweza kuizima si yako, wewe ndiye wake.

Lakini kabla ya kupiga msumari wowote, jioni moja, zunguka lupango. Usimtume mtu. Nenda upande wa pili, piga hodi, salimu, kaa. Uone nani anaoga pale, nani anapita na maji, nani anangoja nini. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na mimi niko mbali, njia yenyewe unaijua, pikipiki inakula siku nzima.

Mungu akusimamishie nyumba hiyo, mwanangu. Akupe jirani mwenye ulimi wa kukurudishia sahani yako, na akupe wewe shingo ya kuipokea. Mwanga wako uwatoshe walio ndani, na walio nje wasiumizwe nao. Na mvua za kwanza zikifika Kasongo, nipigie simu uniambie umezima.