Mlango wa Buluu Juu ya Plaiwudi

Fundi Vijumba alikuwa seremala aliyeachana na vitanda na makabati, akaingia kwenye kutengeneza majengo ya mfano: hoteli nzima juu ya plaiwudi, miti ya sponji, watu wadogo kama punje za mchele. Alikuwa na sharti moja lililowaudhi wengi. Hakukata ubao kabla hajaukanyaga uwanja wenyewe kwa miguu yake, na chochote alichokikuta huko alikiweka, hata kama ni kamba ya kuanikia nguo. Watu wa ofisini huchora wakiwa wamekaa, alisema, ndiyo maana milango yao hugonga ukuta.

Ofisi ya uwekezaji ikamwagiza mfano wa hoteli ya ufukweni, vyumba mia na ishirini, wa kuwaonyesha wawekezaji kutoka nje. Kwenye ramani aliyopewa, eneo zima liliandikwa "ardhi tupu". Tupu! Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, ameishi kwenye utupu huo miaka thelathini na moja, na kisima chake cha maji matamu ndicho kinachonywesha mtaa mzima. Fundi akaiweka nyumba ya dada, akaupaka mlango rangi ya buluu kwa ncha ya njiti ya kiberiti, akachimba na kisima. Alijisemea kwamba wakishaiona, wenyewe watapisha. Akili nyingi huondoa maarifa.

Mkurugenzi wa ofisi hiyo alipouona mfano aliinama juu ya kisima, akafurahi. Maji matamu hatua arobaini tu kutoka ufukweni, na wataalamu wake wote walikuwa hawajaliona hilo. Akaagiza bwawa la kuogelea likae papo hapo, na "hicho kibanda" king'olewe kabla ya maonyesho. Wiki iliyofuata dada akapata barua: siku kumi na nne awe amehama.

Akaja nayo karakana. Alipopewa kiti hakukaa.

"Mdogo wangu, kisima changu wamekijuaje? Barua inakitaja mpaka hatua zake."

Fundi akamweleza yote, kichwa chini. Dada akaikunja barua.

"Na mlango uliupaka rangi gani?"

"Buluu."

"Kumbe hata mlango uliukumbuka," akasema, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo hasira ilipompanda fundi, na haikushuka tena. Alijichukia yeye kwanza, kisha Mkurugenzi, kisha kila mtu aliyewahi kuandika neno tupu mahali panapofuka moshi wa jikoni. Waliokuja kupima ardhi walipita uani kwa dada na kamba zao bila hata salamu, leo wanamwandikia barua kwa heshima zote! Bwawa hakulitengeneza. Ile nyumba aliipigilia misumari minne kutoka chini ya ubao, akatia na gundi ya mbao, akaiacha ikauke siku mbili.

Siku ya maonyesho mfano ulifika ukumbini umefunikwa shuka. Mkurugenzi akaivuta mbele ya wageni, na mlango wa buluu ukamtazama. Mwekezaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza hapo anaishi nani. Mkurugenzi akacheka, akasema hayo ni mapambo tu ya fundi, akakishika kijumba kwa vidole viwili akitoe. Kikagoma. Akavuta kwa mkono mzima, plaiwudi ikapasuka, hoteli ikalala ubavu, na vile vyumba mia na ishirini vikamwagika miguuni pa wageni.

"Hayo mapambo ni dada yangu," fundi akasema kutoka mlangoni. "Yuko nyumbani sasa hivi, anapika."

Kazi aliipoteza kabla vipande havijaokotwa. Lakini yule mama alikataa kutia saini karatasi yoyote kabla hajapaona mahali penyewe, kwa hiyo magari matatu yakaelekea ufukweni, na fundi akapanda la mwisho bila kuulizwa. Mkurugenzi alishuka wa kwanza. Akainama chini ya kamba ya nguo, akakatiza uani moja kwa moja kwenda kisimani, wageni nyuma yake. Dada akatoka na mwiko mkononi, akasimama mbele yake.

"Rudini barabarani mpige hodi," alisema. "Hapa pana mwenyewe."