Uso wa Mama kwenye Inchi Thelathini na Mbili

Nilikuwa nimeshakasirika kabla hatujaingia duka la tatu. Katika yale mawili ya kwanza hapa Kicukiro, jijini Kigali, wauzaji walimgeukia mdogo wangu wa kiume, wakamwita bosi, wakamweleza yeye kila kitu, na mimi nimesimama pale kama mtu aliyekuja kumsindikiza. Na kila skrini ilionyesha video ileile ya kasuku na maembe yaliyokatwa. Nani hajui kwamba kasuku anapendeza kwenye skrini yoyote? Mimi sihariri picha za kasuku. Mimi napiga picha za harusi, kazi niliyoifanya miaka tisa. Mdogo wangu anacheza gemu, kazi anayoifanya bila mshahara.

Tulikuwa tumekubaliana kununua skrini moja kubwa ya kutumia sote wawili. Yeye alitaka iliyopinda, yenye kasi, ili wachezaji wake wa mpira wasiache mkia wa ukungu nyuma wanapokimbia. Mimi nilitaka rangi za kweli, basi. Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kimefifia hata mchana nilikuwa naona giza, na Jumapili ilikuwa misa ya mama ya kutimiza mwaka tangu afariki. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutengeneza picha yake kubwa ya kuwekwa mbele ya altare. Mama alitulea Bujumbura kwa cherehani moja, akatuleta Kigali, akajenga nyumba Gahanga chumba kimoja kimoja. Nilitaka watu wakiingia kanisani wamwone yeye hasa.

Muuzaji wa duka la tatu alikuwa mtu mzima mwenye kofia, mmoja wa wale Waislamu wa mjini ambao babu zao walifuata biashara kutoka pwani. Ndiye wa kwanza kuniuliza mimi.

"Dada yangu, utaifanyia kazi gani?"

Nikampa flashi yenye picha ya mama. Ameketi kwenye kiti cha plastiki uani Gahanga, amevaa mushanana yake ya kijani, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, anacheka. Akaifungua kwenye skrini bapa ya inchi thelathini na mbili.

Nilirudi nyuma hatua nzima. Uso ulikuwa umepauka, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na mashavu hayana hata mkunjo mmoja. Mama yangu alikuwa mweusi. Mweusi tii, na alijivunia, na mtu aliyemtajia krimu ya kujichubua alifukuzwa pale kwenye cherehani na nguo yake haijaisha.

"Hii skrini yako ni mbovu!" nilisema. "Mmeijaza mwanga kufurahisha macho ya wateja. Huyu si mama yangu!"

Muuzaji akaifungua kwenye skrini ya pili, ya tatu. Kote ni yule yule mwanamke aliyepauka. Nikasema duka lote ni la matapeli.

"Dada, tulia kidogo," mdogo wangu akasema.

"Usiniambie nitulie!"

Akatoa simu yake. Alikuwa na picha aliyoipiga siku ile ile, kiti kile kile, kwa simu ya bei rahisi. Muuzaji akaihamishia kwenye ile skrini ya kwanza. Ilikuwa na ukungu na chengachenga, lakini mama alikuwepo, mweusi, na mikunjo yake yote.

"Skrini iko sawa, dada yangu," muuzaji akasema polepole. "Hii picha yako ndiyo wamegusa."

Wamegusa. Nilijua ni nani.

Katika kazi yetu kuna kitu kinaitwa kusafisha uso, yaani kung'arisha ngozi na kufuta mikunjo. Bibi harusi mwenyewe haombi, anayeomba ni shangazi yake, anakuvuta pembeni: "Mumusafishe kidogo, rero, basi kidogo tu." Miaka ya kwanza nilikataa. Kisha nikachoka. Kisha nikaiamuru kompyuta iwasafishe wote yenyewe, picha zinapotoka tu kwenye kamera, kabla sijazitazama. Na kwa kuwa kioo changu kilikuwa cha giza, sikuwahi kuona nimefika wapi. Zile halisi, ambazo hazijasafishwa, nilikuwa nazifuta, nafasi haitoshi. Mama naye alipita njia hiyo hiyo ya mabibi harusi, akafutwa. Nilijichukia pale dukani kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Tulichukua ile bapa. Mdogo wangu aliiacha iliyopinda kwa hiari, na upole wake ukaniudhi zaidi.

Kesho yake asubuhi niliiweka mezani, nikaanza kumrudisha mama. Mdogo wangu alikaa kando na rimoti ya gemu magotini, hachezi. Napunguza mwanga, naongeza kahawia, nauliza.

"Bado," anasema.

Naongeza tena.

"Hapo umemupaka masizi."

Nilimfokea, nikaendelea hadi saa nane. Mikunjo haikurudi, kompyuta ilikuwa imeila. Mwenye mashine ya kuchapa picha alipopiga simu mara ya tatu, nilimtumia ile ya mdogo wangu, na ukungu wake.

Jumapili, baada ya misa, mama mmoja aliyeuza vitambaa jirani na cherehani yetu kule Bujumbura alisimama mbele ya picha. Akagusa fremu.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Aliipiga nani? Ni wewe, fundi?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Mdogo wangu, kwa kunihurumia, akanyoosha kidole kwenye pembe ya picha.

"Dada naye alikuwepo. Huyu hapa."

Kweli nipo. Kinaonekana kiwiko changu, nimeinua kamera ya bei ghali, nampiga mama picha.