Nyumba Namba Tisa

Mtaa mzima ulimwita Bi Karibu, na jina hilo alilitolea jasho. Tangu alipoolewa katika nyumba ile kongwe, hakuna kivuli kilichopita mlangoni pake asikikaribishe. Shoga yake wa ng'ambo ya kichochoro alikuwa akimtania kwamba hata mwizi angemkaribisha, kisha amuulize kama ameshakula.

Sasa alikuwa amelala chumba cha mbele, mapafu yamechoka. Daktari alimwonya binti wa Bi Karibu, mshonaji, asimwache mgonjwa aseme bila lazima. Pumzi iliyobaki ilikuwa ya kuhemea tu. Kumhamishia chumba cha nyuma hakukuwezekana, kwani kule hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Mlango wa mbele ulibidi ubaki wazi.

Na mlangoni hapo ndipo watalii walipopita. Manispaa ilikuwa imechora njia ya kuzunguka mji wa kale, mtu anajitembeza mwenyewe kwa ramani ya kwenye simu. Kibao cha namba tisa kilipigiliwa ukutani kwao kwa ajili ya dari lao la mbao zilizochongwa. Watu waliingiza vichwa bila hodi, wakatazama juu kama kuku anayekunywa maji. Kila kivuli kilipogusa sakafu, mgonjwa alijikusanya, mishipa ya shingo ikamtoka, akasema, "Karibu." Kisha alihema mpaka midomo ikawa ya kijivu.

Binti alikwenda manispaa. Ofisa akamwambia ile ni heshima, wenzake wanaililia. Laiti angekuwepo mtembeza watalii, binti angemwomba yeye mmoja awapitishe watu kwingine. Lakini hawa walikuja wawili wawili, leo hawa, kesho wale, amkataze nani? Aliking'oa kibao. Wakaja vilevile. Akaisogeza cherehani yake mpaka kizingitini, akawa anashona huku ameuziba mlango kwa mgongo.

"Mama, usiwajibu," alimsihi. "Hata hawakusikii."

"Unataka nife na kiburi?"

Asubuhi moja dawa iliisha. Binti alikimbilia duka la dawa pale kona, akarudi mbio. Mtu na mkewe walikuwa wamesimama katikati ya chumba, mwanamume ameielekeza simu darini.

"Bibi ametukaribisha," mwanamke alisema haraka, kama anayejitetea. "Tena mara mbili. Tukadhani amepitiwa na usingizi."

Binti alimgusa mama yake shingoni, halafu akaweka kidole chini ya pua, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Dawa akaiweka mezani, ingali ndani ya mfuko. Mwanamume alishusha simu, akaanza kurudi kinyumenyume huku akinong'ona samahani.

"Mnakwenda wapi?" binti aliuliza, sauti haikupanda. "Si mmekaribishwa? Dada, njoo umshike kichwa, nimnyooshe shingo. Na wewe kaka, funga huo mlango."